Viazi vya mapema kwenye viroba na ndoo: Arusha tunafunika mvua, hatufuniki baridi

Somo la leo ni kilimo cha viazi mviringo, au viazi ulaya kama wengi tunavyoviita, ndani ya viroba na ndoo, chini ya paa la nailoni, ili uchimbe mapema kabla viazi vya shambani havijakomaa. Somo hili limeulizwa sana na watu wa mjini wenye viwanja vidogo, Njiro, Moshono, Sakina, Olasiti, na pia na wakulima wa huku mlimani ambao mashamba yao yameshachoka kwa mnyauko.

Nianze na jambo lenyewe, maana hapa ndipo hela za watu zinapopotea. Video nyingi za kilimo hiki zinatoka Ulaya. Kule mkulima anafunika viazi kwa sababu ya baridi. Mwezi wa pili na wa tatu bado kuna sakitu, kwa hiyo anajenga nyumba ya nailoni, anaifunga pande zote ili joto libaki ndani, na kiazi kinaota wiki kadhaa mapema kuliko cha nje. Mtu wa Arusha anaangalia video hiyo, anajenga vilevile, anafunga kila upande. Miezi mitatu baadaye ana majani marefu mpaka kiunoni, ya kijani, mazuri ya kupiga picha. Akichimba, anakuta viazi vitano vya ukubwa wa golori.

Tatizo halikuwa mbegu wala mbolea. Tatizo lilikuwa joto.

Kiazi kinataka nini

Kiazi asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na majirani zake. Ni mmea wa mahali ambapo mchana kuna jua na usiku kuna ubaridi. Kinaweka viazi vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20. Usiku ukizidi nyuzi 20, kinasitasita kuweka viazi na kuendelea kutoa majani. Udongo ukifika karibu nyuzi 30, kazi ya kutengeneza viazi inasimama kabisa.

Sisi tulioko kwenye miteremko ya Mlima Meru Mungu ametupa hali hiyo bure. Jiji la Arusha liko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hata mwezi wa pili, ambao ni wa joto, usiku panapoa. Kwa hiyo baridi si adui wetu. Adui wetu mkubwa wakati wa masika ni majani kukaa yamelowa.

Jani la kiazi likibaki na maji kwa saa nyingi, kukiwa na ubaridi na mawingu kama ya mwezi wa nne, ugonjwa wa baka chelewa unaingia. Wakulima wengi huuita ukungu tu. Unaanza na madoa ya rangi ya maji pembeni mwa jani, yanageuka kahawia hadi meusi, chini ya jani unaona unga mweupe asubuhi, na ndani ya wiki moja au mbili shamba zima linaonekana kama limemwagiwa maji ya moto. Ni ugonjwa huohuo ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu takribani milioni moja. Kwa hiyo usiuchukulie kama mafua.

Sasa paa linafanya nini? Linazuia mvua isiguse majani. Basi, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Lichukulie paa lako kama mwavuli. Mwavuli una juu tu, pembeni uko wazi na upepo unapita. Ukielewa hilo, mengine yote katika somo hili yatakuja yenyewe.

Kalenda yetu

Kwa Arusha jiji na sehemu za Arumeru zinazopata masika, kuna nafasi mbili nzuri.

*Nafasi ya kwanza: kuchimba katikati ya masika*
- Mwanzo wa Januari: tafuta mbegu, anza kuichipuza, anza kusafisha udongo.
- Wiki ya mwisho ya Februari: panda chini ya paa kwa kumwagilia.
- Katikati ya Machi: viazi vimeshaota, mvua zinaanza.
- Aprili: kuinulia udongo. Viazi vinawekwa wakati huu, na mawingu yameshapunguza joto. Ndiyo maana tulipanda Februari.
- Katikati ya Mei, siku 75 hadi 80: unachimba vya mapema. Jirani aliyepanda shambani mvua zilipoanza bado anapambana na ukungu na atachimba Juni au Julai.

*Nafasi ya pili: viazi vya Krismasi*
- Panda kati ya tarehe 10 na 20 Septemba, chimba katikati ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani.

Juni hadi Agosti ni kavu na pana ubaridi. Kama una maji ya kumwagilia, panda nje tu, paa halina kazi kubwa. Ila kwa wa juu kabisa kwenye umande na ukungu wa asubuhi, paa bado linasaidia. Na kwa ndugu zetu wa Oldonyosambu na Ngarenanyuki, upande mkavu wa mlima, shida yenu ni maji zaidi kuliko mvua. Kwenu ninyi neti ya kivuli inaweza kufaa kuliko nailoni.

Hatua ya 1: Mbegu

Neno "mapema" linaanzia kwenye mbegu, paa linafuata. Kiazi kilichochimbwa juzi hakioti. Kimelala, na kulingana na aina kinaweza kulala miezi miwili hadi mitatu. Tafuta mbegu iliyokwisha kupumzika.

Aina kama Asante inafaa kwetu. Hiyo Asante ndiyo Waganda wanaiita Victoria, ni kiazi kilekile. Aina ya Shangi kutoka kwa majirani zetu Kenya inakomaa haraka na inalala muda mfupi sana, lakini ukubali kwamba na ghalani itaanza kuchipua haraka hivyohivyo. Aina za muda mrefu ziache kwa shamba la nje.

Mbegu iliyothibitishwa ndiyo salama. Uliza kwa afisa ugani wa kata yako ni nani kwa wakati huo ana mbegu yenye lebo ya TOSCI, au ulizia TARI Tengeru wakuelekeze. Viazi vya Soko la Kilombero ni vya kula. Najua wengi mnavitumia kama mbegu, na vingine vinaota vizuri tu. Lakini huwezi kujua kwa macho kiazi kipi kimebeba mnyauko bakteria, na kimoja kikiingia kwenye kiroba, udongo wa kiroba hicho umeharibika. Ukilazimika kutumia vya sokoni, kata vichache vya mfano katikati, ubonye. Ukiona mduara wa rangi ya kahawia na majimaji meupe mazito yanatoka, fungu zima hilo ni la kuacha.

Chagua vya ukubwa wa yai la kuku, gramu 40 hadi 60. Vipange safu moja kwenye trei za mayai au kreti, macho yakiangalia juu, mahali penye mwanga lakini jua halivipigi moja kwa moja. Baada ya wiki tatu hadi nne utaona vichipukizi vifupi, vinene, vya kijani au zambarau. Vikiwa na sentimita moja hadi moja na nusu, mbegu iko tayari. Vikiwa virefu, vyeupe, vyembamba kama tambi, ujue giza lilizidi. Mbegu iliyochipuzwa vizuri inaota wiki moja hadi mbili kabla ya ile iliyotupwa ardhini bila kuchipua.

Usikate mbegu vipandevipande. Kisu kinahamisha ugonjwa kutoka kiazi hadi kiazi.

Hatua ya 2: Udongo

Faida kubwa ya kiroba ni kwamba unachagua udongo. Shambani huchagui.

Usichukue udongo mahali palipolimwa nyanya, bilinganya, pilipili hoho au viazi kwa misimu ya karibuni, angalau miaka mitatu. Na hapa nisikilize vizuri: mnavu nao umo. Mnavu ni jamii moja na kiazi, na unabeba magonjwa yaleyale. Karibu kila nyumba ya Arusha ina tuta la mnavu nyuma ya jiko, na mtu akitaka udongo mweusi mzuri anachota palepale. Achana na hapo. Chota palipokuwa na mahindi, majani ya ng'ombe au migomba. Usiende kuchota kwenye msitu wa hifadhi, ni kosa.

Mchanganyiko: debe 2 za udongo, debe 1 ya samadi iliyooza kabisa, debe 1 ya pumba za mpunga. Samadi mbichi inaunguza mizizi na kuleta wadudu. Majivu usiweke mengi, udongo wa volkano wa huku kwetu mara nyingi hauhitaji, na majivu yakizidi maganda ya viazi yanapata ukoko.

Kusafisha udongo kuna njia mbili:

a) *Kuanika.* Januari kuna jua kali. Tandaza udongo unene wa sentimita 15 hadi 20, uloweshe, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga, kandamiza pembeni, acha wiki nne hadi sita. Hii inapunguza vimelea, haimalizi vyote.

b) *Kupika kwa mvuke.* Nusu pipa, maji kidogo chini, chekeche ya chuma juu ya maji, udongo juu yake, funika kwa gunia, washa moto. Utajuaje umeiva? Weka kiazi kimoja juu ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo nao umeiva. Njia hii inakula kuni, kwa hiyo itumie kwa udongo wa viazi unavyotaka viwe mbegu tu.

Hatua ya 3: Viroba na ndoo

- *Ndoo ya lita 20*, kwa mfano ya rangi iliyosafishwa vizuri: mbegu moja. Toboa matundu 6 hadi 8 chini.
- *Dumu la lita 20 lililokatwa juu*: mbegu moja. Dumu lililowekwa dawa ya kilimo usiguse kabisa.
- *Kiroba cha kilo 50*: mbegu tatu. Kikunje hadi kibaki na kimo cha sentimita 40 hivi. Toboa matundu chini na pembeni chini.

Chombo cheusi kikipigwa na jua la Februari, udongo ulio pembeni unachemka. Kipake chokaa nyeupe kwa nje au kizungushie gunia au majani makavu.

Nizungumzie na lile gunia refu la mtandaoni. Mtu anaweka udongo mpaka mita moja juu, anasema viazi vitajaa kuanzia chini hadi juu, kilo 50 kwa gunia moja. Sivyo. Aina zinazokomaa mapema zinaweka viazi katika tabaka moja tu, karibu na pale ulipoweka mbegu na juu yake kidogo. Udongo wa ziada unakula samadi yako na maji yako bure. Sentimita 40 zinatosha.

Hatua ya 4: Paa

Kwa viroba 40 jenga hivi: nguzo za mkaratusi au mianzi iliyokomaa, eneo la ndani mita 3 kwa 6, paa lenyewe mita 4 kwa 7 ili lizidi nusu mita kila upande. Upande mmoja nguzo ziwe mita 2.5, upande wa pili mita 2, maji yateremke. Tumia nailoni ya vitalu nyumba. Ile ya kawaida ya dukani jua linaikausha na kuipasua mapema. Kama upo Kisongo au Ngaramtoni ambako upepo ni mkali, funga kwa kamba za kupita juu ya nailoni, usitegemee misumari peke yake.

Pembeni acha wazi. Kama shida yako ni kuku, mbuzi au vidukari, weka neti, usiweke nailoni. Kipimo rahisi ni hiki: ingia ndani saa saba mchana, kaa robo saa. Kama wewe unatoka jasho na unatafuta mlango, kiazi nacho kinatafuta mlango ila hakina miguu.

Usiweke paa chini ya mparachichi au katikati ya migomba. Viazi vinahitaji jua la moja kwa moja angalau saa sita. Asiye na uwezo wa nailoni anaweza kutumia upenu wa nyumba unaoangalia mashariki, ilimradi mvua isifike na jua lifike.

Hatua ya 5: Kupanda na kutunza

Weka mchanganyiko sentimita 15 chini ya chombo. Kila mbegu ipewe kisoda kimoja cha DAP kilichochanganywa na udongo, mbolea isiguse mbegu. Weka mbegu, vichipukizi juu, funika sentimita 10.

Mimea ikifika sentimita 20, ongeza udongo ufunike nusu ya shina. Rudia baada ya wiki mbili au tatu mpaka chombo kijae, bakiza sentimita 3 za kumwagilia. Hapo wiki ya nne weka nusu kisoda cha CAN kwa kila shina, mbali kidogo na shina. Usizidishe. Mbolea ya kukuzia ikizidi unarudi kulekule kwenye majani ya kupiga picha.

Kiazi kikichungulia juu ya udongo kifunike mara moja. Kikipigwa na mwanga kinageuka kijani na kuwa na sumu, hakiliwi na mtu wala asipewe mtoto. Pia nyufa za udongo ni mlango wa nondo wa viazi.

Maji: hapa Meru tuna jambo letu

Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, kamwe usimwagie majani. Ukimwagia majani umetengeneza mvua ndani ya mwavuli. Ingiza kidole: sentimita 5 chini pakiwa pakavu, mwagilia. Kiroba chenye mimea mikubwa siku ya jua kinaweza kutaka lita 2. Usiruhusu kikauke kabisa halafu ukigharikishe, viazi vitapasuka.

Sasa kuna hili ambalo vitabu vya nje havisemi. Maji mengi ya visima na baadhi ya mito ya huku Meru yana madini ya floridi na magadi. Sote tunajua rangi ya meno ya watu waliokulia maeneo hayo. Shambani mvua inakuja na kusukuma chumvi ichuje chini. Kwenye kiroba kilicho chini ya paa mvua haifiki, kwa hiyo kila ndoo unayomwaga inaacha chumvi yake palepale. Mwezi wa pili unaona ukoko mweupe juu ya udongo, kingo za majani zinaungua, unadhani ni ugonjwa na unakimbilia dawa.

Dawa yake ni paa lenyewe. Weka mfereji upande wa chini, hata wa bomba lililopasuliwa katikati, uelekee kwenye pipa au simtanki. Paa la mita 4 kwa 7 likipata mvua ya milimita 10 tu, ni lita 280. Toa zinazopotea, unabaki na kama lita 250, yaani siku tatu za kumwagilia viroba 40 kwa lita 2 kila kimoja. Unazuia mvua kwa mkono wa kulia, unaipokea kwa wa kushoto. Kwa wiki za mwanzo kabla ya mvua, kama maji yako ni ya kisima yenye magadi, nunua au kinga mengine. Mvua zikishaanza, kila wiki mbili mwagilia maji ya mvua mengi mpaka yatoke kwenye matundu ya chini.

Magonjwa na wadudu wa chini ya paa

- *Baka chelewa.* Paa linaipunguza sana, ila halifuti. Ukungu wa asubuhi unaweza kulowesha majani. Acha nafasi kati ya viroba, ondoa majani ya chini yanayogusa udongo. Kama jirani ameshapata, tumia dawa ya kinga kama mancozeb, iliyosajiliwa na TPHPA, kwa kipimo cha kwenye lebo, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.
- *Mnyauko bakteria.* Mmea unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani, na udongo una maji. Kata shina karibu na udongo, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, lishike bila kutikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ndiyo wenyewe. Hakuna dawa. Toa kiroba chote, usimwage udongo wake shambani wala kwenye mboji.
- *Vidukari, nzi weupe na utitiri mwekundu.* Hawa wanapenda pakavu, na mvua haiwapigi. Geuza majani kila wiki uangalie chini. Vidukari ndio wanaosambaza virusi.
- *Kanitangaze.* Tangu alipoingia kwenye nyanya za Ngarenanyuki mwaka 2014 tunamjua. Majani ya viazi nayo anakula. Usiweke nyanya na viazi chini ya paa moja.

Kuchimba

Kwa kula mapema, kuanzia siku ya 75 ingiza mkono pembeni mwa kiroba, papasa, toa vikubwa, rudishia udongo. Ganda linatoka kwa kusugua kidole. Viazi hivi ni vitamu kwa kuchemsha na kwenye mchuzi. Kwa chipsi havifai, vina maji mengi na vinanyonya mafuta, kwa hiyo usimpelekee muuza chipsi halafu ukalalamika bei. Havikai ghalani pia. Chimba vya kula siku mbili tatu.

Sasa hesabu, bila kudanganyana

Viroba 40 vinahitaji mbegu 120, yaani kama kilo 6. Vinahitaji debe 90 hadi 100 za mchanganyiko. Umeona? Ni kazi ya mkokoteni. Ukichimba mapema, panga kwa kilo 1 hadi 1.5 kwa kiroba, jumla kilo 40 hadi 60. Ukisubiri vikomae, panga kwa kilo 2, jumla kilo 80. Hiyo haifiki gunia moja la kilo 100, achilia mbali lumbesa.

Kwa hiyo kabla hujanunua nailoni, uliza bei ya gunia la viazi sokoni, linganisha na gharama ya nailoni, nguzo, mbegu na siku zako za kazi. Wengi mtaona kwamba kama biashara ya kuuza viazi vya kula, hailipi. Anayesema utatajirika kwa viroba 40 anakuuzia viroba. Kwa mboga ya nyumbani ni sawa, familia itakula viazi wakati bei iko juu. Kama kuna hoteli inayotaka viazi vidogo vipya, zungumza nayo kabla ya kupanda.

Lakini kuna matumizi ya tatu, na kwa mkulima mwenye shamba lililochoka hili ndilo ningelipigania. Viazi vya ndani ya kiroba chenye udongo safi, mbegu safi na neti ya kuzuia vidukari vinaweza kuwa mbegu yako mwenyewe. Chukua zile kilo 80. Kwa gramu 50 kila kimoja ni mbegu 1,600. Ukipanda shambani kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, zinatosha eneo la mita za mraba 360, karibu sehemu ya kumi ya eka. Kila shina likitoa nusu kilo tu, una kilo 800, ambayo inakaribia mbegu ya eka nzima. Yaani kilo 6 za mbegu yenye lebo, misimu miwili, eka moja. Mkulima ambaye hawezi kununua mbegu ya eka nzima kwa mkupuo anaweza kununua kilo 6.

Ukitaka hivyo, usichimbe siku ya 75. Siku ya 90 kata majani yote, acha viazi ardhini wiki mbili ganda likaze, chimba katikati ya Juni, hifadhi kwenye mwanga hafifu. Septemba vitakuwa vimeamka, tayari kwa vuli. Msimu wa shambani weka vijiti kwenye mashina yenye afya kabla hayajaanza kukauka, na mbegu inayofuata uchukue kwenye vijiti tu. Na kumbuka, mbegu hii ni ya shamba lako. Kuuza kama mbegu kunasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, lazima upitie TOSCI.

Kwa anayeanza

Usianze na viroba 40. Anza na ndoo 5 na kiroba kimoja chini ya upenu, upime maji yako, jua lako na mkono wako. Pima kwa mizani ulichochimba, andika. Msimu unaofuata ndipo uamue kama unajenga paa, na kama unajenga la kula au la mbegu. Kabla hujapiga msumari, mwite afisa ugani wa kata yako aje aangalie eneo. Kumwita hakuna gharama, ila kung'oa nguzo kuna gharama.